Vijiti Ndani ya Kopo

Karakana nzima ilimwita Mizani, naye akadhani ni kwa heshima. Heshima ilikuwamo, hatukatai, ila nusu ya jina hilo ilikuwa kejeli. Ukimpa chai, anainusa kwanza. Ukimwambia ni saa nne, anatazama saa yake, kisha ya ukutani, kisha anakuuliza yako umeirekebisha lini. Fundi mmoja aliwahi kusema kwamba siku Mizani akifa, atainuka kidogo apime urefu wa sanda ndipo alale tena. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, naye akauliza ni nani aliyeianzisha hadithi hiyo na lini.

Kazi yake ilikuwa kuvunja vitu. Karakana ile ilitengeneza miguu ya bandia, na hakuna mguu uliotoka mlangoni kabla vijiti vya plastiki ile ile havijapita kwenye mashine yake. Nyundo nzito ilining'inia juu kwenye mkono wa chuma. Mizani anabana kijiti chini, anafyatua, nyundo inashuka na kukipiga. Kikikatika kizembe, mguu hautoki. Kikistahimili, anatia sahihi. Bila sahihi hiyo hata mkuu wa karakana, mzee mpole waliyemwita Bosi kwa kumtania, hakuwa na la kufanya.

Safari hii mguu wa kwanza kwenye orodha ulikuwa wa mama yake mzazi.

Mama alikatwa mguu chini ya goti miaka mitatu nyuma, kidonda kilipokataa kupona. Alipewa mguu wa nailoni ya kawaida ukapasuka. Akapewa wa pili, ukapasuka akiwa amesimama anaosha vyombo, akaenda chini na kuvunjika kifundo cha mkono. Tangu hapo alikaa kitini nyumbani kwa binti yake mdogo, akatangaza kwamba atajaribu mguu mmoja tu wa mwisho. "Huu ukinisaliti," alisema, "msiniletee mwingine. Nitakaa hapa hapa mpaka mnitoe." Na alikuwa mwanamke wa kusema jambo mara moja.

Dawa ya ufa huo ilikuja ndani ya makopo matatu. Ilikuwa poda nyeupe, laini kuliko unga wa ngano, na ukiambiwa ni udongo utabisha. Ni udongo, lakini si ule wa matofali. Kila chembe yake ni mrija, wazi katikati, mwembamba kiasi kwamba ungepanga elfu moja bega kwa bega kwenye unene wa unywele mmoja na nafasi ikabaki. Ukiisambaza vizuri ndani ya nailoni iliyoyeyuka, mirija hiyo inaishikilia plastiki kwa ndani. Ufa ukitaka kupita unagonga huku, unagonga kule, mwisho unachoka. Sehemu nne tu katika mia zinatosha. Tia pungufu, nawe umetengeneza nailoni ile ile iliyomwangusha mama.

Ufunguo wa makopo alipewa mchanganyaji, na mchanganyaji alikuwa shemeji yake Mizani, mume wa mdogo wake. Bwana huyo alikuwa na mikono mikubwa na maneno mengi. Kila asubuhi akipita kwenye chumba cha majaribio alichungulia dirishani.

"Hakimu, umeamkaje?"

"Salama. Mshtakiwa umeamkaje?"

"Bado sijakamatwa," anajibu, anakwenda zake akicheka. Miaka saba utani huo haukuchuja.

Machale yalianza kumcheza Mizani mwanzoni mwa mwezi. Aliona pindo za suruali ya shemeji zina vumbi jeupe wakati wa kutoka kazini. Sawa, mchanganyaji huwa na vumbi. Lakini siku ya pili alimwona nalo asubuhi, akiingia. Mtu anatoka kwake na vumbi la kazini? Halafu kukawa na ule mkoba. Shemeji aliyekuwa akija kazini mikono mitupu miaka yote saba, sasa alibeba mkoba wa turubai uliojaa, na akipita karibu na Mizani anauhamishia bega la upande wa pili.

Jumapili alikwenda kumwona mama. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umefungwa, na ndani sauti zilikuwa zinanong'ona. Alipobisha, kimya. Mdogo wake akatoka na beseni la maji meupe, akampita haraka.

"Nini hicho?"

"Maji ya kufulia, dada."

"Meupe hivyo?"

"Sabuni."

Mizani alichovya kidole kabla beseni halijafika uani. Akasugua kwa kidole gumba. Sabuni huteleza, hii ilikuwa inakwaruza kidogo. Shemeji alikuwa amekaa sebuleni anasoma gazeti la wiki iliyopita, hakumtania hata neno moja. Mama naye alikuwa anatabasamu kama mtu aliyefundishwa cha kusema. Poda ile watu wa rangi za nyumba wangeigombania, na kopo moja lilikuwa aghali kuliko mashine ya kushonea. Mkwe gani huyu anayeiba mguu wa mama mkwe wake na kuupitisha kijiko kwa kijiko mbele ya macho yake? Alikunywa chai ya watu bila kuinusa, kwa hasira tu.

Hakusema. Mizani hasemi mpaka awe na ushahidi.

Sasa, nailoni ina tabia yake. Ikitoka kwenye kalibu inakoumbwa inakuwa kavu mno, na ikiwa kavu ni ngumu na inakatika upesi. Ndiyo maana desturi ya karakana ilikuwa kuvinywesha vijiti maji siku kadhaa ndani ya beseni kubwa lililokaa chini ya dirisha la korido, ndipo vipigwe nyundo. Mguu unatembea kwenye hewa yenye unyevu, kwa hiyo kijiti nacho lazima kiwe kimekunywa. Hilo Mizani alilijua kuliko jina lake. Kilichomkosesha raha ni korido. Beseni lile halikuwa na mlinzi. Mtu aliyeiba poda angeweza kabisa kuja asubuhi ya majaribio, akatoa vijiti dhaifu, akaweka vizuri alivyovitengeneza pembeni. Nani angejua?

Basi Mizani akala njama peke yake. Siku vijiti vilipomaliza kunywa maji, mafundi wakiwa kwenye chakula, alichota kumi na viwili, akavifuta kwa gauni lake la kazi na kuvificha. Kwa haraka hiyo akasahau hata kuvipima uzito. Mizani! Yeye ambaye hununua nyanya na kuzipima tena nyumbani.

Alikuwa na kopo lake la bati lenye kufuli. Ndani alikuwa tayari ameweka kijiko kimoja cha poda, sampuli yake ya siri ya kulinganisha endapo kesi itafika mbali. Na kwa kuwa poda haitakiwi kuona unyevu, alikuwa ameizungushia vile vifuko vidogo vya chembe za kunyonya maji, vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Alivikusanya miaka mingi, si mtu wa kutupa kitu. Vijiti akavilaza humo humo juu ya vifuko, akafunga kufuli, akalipandisha kopo juu ya oveni ya kukaushia poda, nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna aliyependa kutia mkono kwa sababu ya joto. Ufunguo akauvaa shingoni. Kwa wiki tatu, wakati mguu wa mama ukichongwa na kusuguliwa, kila akipita pale aliligusa kwa macho na kuridhika.

Siku ya majaribio Bosi alikuja na miwani yake miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Shemeji akaleta beseni.

"Hilo weka pembeni," Mizani akasema. "Nina vyangu."

Alipanda juu ya stuli, akashusha kopo, akafungua kufuli mbele yao. Shemeji akakunja uso.

"Hivyo umevitoa wapi?"

"Kwenye beseni lako, kabla hujapata nafasi ya kulitembelea."

Alipima uzito wa kijiti cha kwanza. Pungufu. Cha pili, pungufu. Vyote kumi na viwili vilikuwa vyepesi kuliko jedwali linavyosema, na udongo ni mzito kuliko plastiki, kwa hiyo kijiti chepesi ni kijiti kilichopunjwa udongo. Akabana, akafyatua. Kijiti kilikatika kama biskuti. Akabana kingine, kikakatika. Cha tatu, cha nne. Alivunja kumi, kimoja baada ya kingine, na vipande vikawa vinaruka mpaka miguuni kwa Bosi.

"Haiwezekani," shemeji akasema. "Jaribu vya beseni."

"Kwa furaha."

Vya beseni havikukatika. Nyundo ilishuka, ikagonga, kijiti kikapinda, kikang'ang'ana, nyundo ikarudi nyuma. Vitano vyote hivyo hivyo. Shemeji akapumua, akadhani amepona. Ndipo Mizani akamgeukia Bosi na kusema polepole, "Umeona? Vilivyokuwa kwangu vimevunjika, vilivyobaki kwake vimepona. Amevibadilisha. Nilijua atavibadilisha."

Hapo ndugu yangu hakuna pa kutokea. Vikivunjika ni mwizi, visipovunjika ni mwizi na mjanja.

"Fungua mkoba," Mizani akasema.

"Shemeji..."

"Kama mikono yako misafi, fungua mkoba."

Aliushika mkoba kwa mikono yote miwili. "Siwezi. Si siri yangu peke yangu."

Bosi alivua miwani ya usoni akavaa ya kichwani, akavua tena. Alikuwa mzee asiyependa ugomvi, na watu wa namna hiyo wakibanwa huamua haraka ili waondoke. Alimwambia mchanganyaji aache ufunguo mezani, aende nyumbani mpaka aitwe. Miguu yote isimame. Shemeji aliweka ufunguo na kutoka na mkoba wake, bila kumtazama mtu.

Mchana huo huo mdogo wake alipiga simu. Hakusalimia. "Dada, umemfanyia nini mume wangu?"

"Muulize yeye alichomfanyia mama."

"Umewahi hata siku moja kumwamini mtu? Hata siku moja?" Akakata. Mizani aliitazama simu, akajiambia kwamba mke lazima amtetee mumewe, labda hata walikula pamoja.

Kesho yake Bosi alitaka taarifa ya maandishi yenye tarakimu. Udongo umepungua kiasi gani? Njia ya kujua ilikuwa rahisi, na Mizani angeifanya tangu mwanzo kama asingekuwa na uhakika mkubwa hivyo. Unachoma kijiti kwenye tanuri mpaka plastiki yote iishe. Udongo hauungui, unabaki jivu. Unapima jivu, unaongeza ile sehemu ndogo ambayo udongo wenyewe huipoteza motoni, basi. Alivunja vunja vipande, akaviweka kwenye vikombe vya kauri, akawasha tanuri. Akakaa kando yake bila kwenda kula, asije mtu akaingiza mkono.

Vikombe vilipopoa, jivu jeupe lilikuwa limetulia chini. Akapima, akapiga hesabu.

Sehemu nne katika mia.

Akapima tena. Akasafisha mizani, akapima. Akaleta mizani ya stoo. Akashuku tanuri. Akashuku vikombe. Kwa dakika moja nzima, aibu hii tumsitirie, alimshuku hata Bosi na miwani yake. Kisha akachoma vipande vya vijiti vingine, na vingine, mpaka vyote kumi. Nne, nne, nne na nukta kidogo, nne. Hakuna aliyeiba hata kijiko. Udongo wote ulikuwemo, umekaa mahali pake.

Sasa kama udongo upo, uzito ulikwenda wapi?

Alisimama katikati ya chumba. Macho yakapanda yenyewe juu ya oveni, alikokuwa amelirudisha kopo. Alipanda stuli, akalishika kopo, akalirudisha upesi kwa sababu lilikuwa la moto. Akalishusha kwa kitambaa. Vijiti viwili vilivyobaki vilikuwa vimelala juu ya vifuko vyake vya maboksi ya viatu. Vifuko vya kunyonya maji. Wiki tatu, juu ya joto, chini ya kufuli.

"Lo," akasema Mizani. Akakaa sakafuni na gauni lake la kazi.

Ni maji yaliyopungua. Vijiti vilikunywa, yeye akavikausha. Mwanagenzi wa wiki moja asingelifanya kosa hilo, kwa kuwa mwanagenzi asingekuwa na sababu ya kuficha kitu. Vijiti viwili vilivyosalia alivitumbukiza kwenye beseni la korido, hadharani, akavinywesha kwa siku tano. Havikumwonea huruma. Nyundo iliposhuka vilipinda, vikang'ang'ana, nyundo ikarudi.

Alimweleza Bosi yote, hakupunguza neno. Bosi akauliza mara tatu, "Kwa hiyo yule bwana hakufanya kitu?" na mara zote tatu Mizani akajibu, "Hakufanya kitu." Kisha akaenda nyumbani kwa mdogo wake, jivu likiwa ndani ya kikombe cha kauri mkononi. Kwa nini alilibeba, hata mwenyewe asingekwambia.

Mlango wa chumba cha mama safari hii ulikuwa wazi. Kulikuwa na pazia limetundikwa katikati kwa kamba. Kitandani mama alikuwa amekaa, na mezani kwake zilipangwa kalibu za plasta, nyeupe, sita, kila moja imechukua umbo la mguu wake pale ulipokatikia. Vumbi jeupe lilikuwa sakafuni, kwenye pazia, kwenye viatu vya shemeji mlangoni. Ule mkoba ulikuwa juu ya kiti, mdomo wazi, una bandeji za plasta na kalibu ya saba.

"Ukishamaliza kutazama, kaa," mama akasema.

Mizani akakaa.

"Kule kwenu wanapimia mbele ya watu. Nilikataa. Nilimwambia mkwe wangu, kama unataka nivae huo mguu, nipimie humu humu. Yeye anasimama upande ule wa pazia, anaelekeza, huyu mdogo wako ananizungushia. Hajawahi hata kuchungulia. Tumerudia mara saba mpaka pasiumize. Na mimi ndiye niliyesema wewe usiambiwe."

"Kwa nini, mama?"

"Ungekuja na rula."

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, hakucheka. Shemeji alitokea nyuma yake. Mizani akainuka, akataka kueleza habari za vifuko na oveni na maji, akaacha. Akanyoosha kile kikombe.

"Nne katika mia," akasema. "Shemeji, nimekukosea. Nimekupaka matope mbele ya watu na hukuwa na kosa. Nisamehe."

Shemeji alilitazama jivu. "Yameisha, shemeji," akasema kwa upole. "Karibu chai."

Mama aliuvaa mguu wiki iliyofuata. Alisimama, akahamisha uzito, akaenda mpaka kwenye sinki, akaosha kikombe kimoja kwa makusudi, akarudi. Alifanya hivyo mbele ya wote, akaketi, akalia. Mizani ndiye aliyekuwa ametia sahihi. Mguu haukupasuka mwezi huo wala ule uliofuata.

Shemeji alirudishiwa ufunguo siku ile ile Bosi alipoambiwa ukweli. Asubuhi anapita kwenye dirisha la chumba cha majaribio na kusema, "Habari za asubuhi," na Mizani anajibu, "Nzuri." Siku moja Mizani alijikaza akasema, "Mshtakiwa umeamkaje?" Shemeji akasimama kidogo, akajibu, "Salama," akapita. Akitaka kupima poda anamtuma mtu amwite Mizani aje ashuhudie. Anachota, anaonyesha mizani, anangoja Mizani aitikie kwa kichwa ndipo amimine.

Na jioni, wakati wa kutoka, anaingia kwenye chumba cha majaribio na kuweka mkoba mezani. Anaufungua. Anatoa chombo cha chakula, anakifunua. Anatoa taulo, anaikunjua. Anageuza mkoba chini juu na kuukung'uta.

"Shemeji, basi jamani," Mizani alimwambia wiki ya pili, machozi yakimlenga. "Nimeshakuomba radhi. Nakuamini. Funga mkoba, nenda nyumbani."

"Nitafunga," alisema shemeji, taratibu kabisa, bila hasira. "Tazama kwanza."

Akangoja, taulo mkononi. Nje mafundi wengine walikuwa wanaagana na kufunga milango. Mizani akainama, akatazama.